Mzee Mshamu na Shahada ya Bintiye

Siku hizo Kibiti ilikuwa imeshikwa na homa ya biashara. Daraja la Rufiji lilikuwa limeshamalizika, mabasi ya Lindi yakipita bila kungojea kivuko, na kila mwenye ukuta unaotazama barabara aliuboa akaufanya fremu ya duka. Zamani ukitaka shati ulilisubiri katika duka la ushirika. Sasa mashati yalikusubiri wewe, yamening'inizwa mpaka kwenye matawi ya mikorosho. Bodaboda ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Kwa hiyo iliposikika kwamba hata shahada ya pili inaweza kusomwa palepale stendi, kwenye kompyuta za Mudrick, watu hawakushtuka sana. Kilichowashangaza ni shahada yenyewe. Mwajabu binti Mshamu, muuguzi, mke wa Bashiru dereva wa lori, alikuwa anasomea wazee.

"Wazee ninavyojua mimi wanasomewa dua," alisema Bi Semeni, jirani yake, huku anapepeta mchele. "Hilo la kusomewa shahada ni jipya."

Mwajabu alicheka kile kicheko chake kilichokuwa kikisikika mpaka upande wa pili wa barabara. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka, na hakuwa mtu wa kukasirishwa na maneno. Kwao Kiongoroni, huko kwenye delta karibu na bahari, wenye umri wake walikuwa bado wanamkumbuka kama yule binti aliyemvisha mbuzi wa mwalimu wa chuo cha Kurani kofia ya mwalimu mwenyewe, kisha akaapa kwamba mbuzi aliivaa kwa mapenzi yake. Utundu haukumzuia kusoma. Alipata uuguzi, akapata shahada ya kwanza kwa masafa huku ananyonyesha, na alipoona tangazo la chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kwa intaneti usimamizi wa huduma za muda mrefu kwa wazee, tena kwa ufadhili, akaomba. Walimkubali kabla hajamwambia mumewe.

Sababu yake ilikuwa imekaa kwenye kiti cha kamba barazani kwake. Mzee Mshamu, baba yake, alikuwa amekata boriti za mikoko maisha yake yote. Mwaka uliotangulia, akiwa anatoka kwenye mtumbwi na mzigo begani, tope lilimtelezesha akaumia nyonga. Hospitalini ikaonekana ana presha pia. Mwajabu akamfuata kwa boti, akamleta Kibiti na kumweka chumba cha mbele, akambandikia ukutani ratiba ya siku nzima: uji usio na sukari, mazoezi ya mguu, dawa, kuoga, mboga isiyo na chumvi, kulala. Mzee aliitazama ratiba ile kama mtu anayetazama hukumu. Lakini alikuwa mgeni kwenye nyumba ya mkwewe, na mgeni hana kauli. Akanyamaza.

Angalikaa kimya hivyo hata leo, lau Mwajabu asingekuwa na tabia moja. Tangu utoto hakuelewa kitu mpaka amweleze mtu mwingine. Masomo yale yalikuwa kwa Kiingereza kizito, na akisharudi kwa Mudrick jioni alihitaji sikio. Bashiru alijitolea mara moja, akalala usingizi kabla ya utangulizi kwisha. Basi Mwajabu akavuta kigoda karibu na kiti cha kamba, akaanza kumfasiria baba yake masomo ya shahada ya pili.

Ya mwanzo mzee aliyapigia miayo. Habari za idadi ya wazee duniani hazikumgusa. Alisema yeye mzee anayemjua vizuri ni mmoja tu. Ikafika somo la uchaguzi. Mwajabu akaeleza kwamba mwalimu wao, mama mmoja aitwaye Dokta Moira, anasema mzee asiulizwe kama amekula; aulizwe anataka kula nini, na wakati gani. Tena mzee mwenye akili timamu ana haki ya kukataa huduma, na halazimiki kutoa sababu.

Mzee Mshamu akafumbua macho.

"Hapo," alisema, "hebu rudia."

Mwajabu akarudia, akafurahi kupata mwanafunzi. Asubuhi yake alipopeleka uji, mzee aliutazama, akauweka pembeni kwa adabu, na kumwambia kwamba ameukataa kwa hiari yake na hana haja ya kutoa sababu. Akaomba chai ya maziwa na vitumbua.

Ilimchekesha sana Mwajabu. Aliandika tukio hilo kwenye zoezi lake, na Dokta Moira akamsifu mbele ya darasa zima. Lakini mzee hakuishia kwenye uji. Somo la faragha lilipopita, alitaka kila mtu apige hodi kabla ya kuingia chumbani kwake, naye akaanza kujipa muda mrefu kabla ya kuitikia karibu, hata Mwajabu akawa anasimama mlangoni na beseni la maji ya moto mpaka mikono inakufa ganzi. Lilipopita somo la malalamiko, kwamba kila nyumba ya wazee iwe na njia ya kuupelekea uongozi malalamiko, alimsubiri Bashiru arudi safari, akamketisha, akamlalamikia rasmi juu ya mkewe. Bashiru alisikiliza kwa heshima zote. Baadaye alimwuliza Mwajabu, kwa upole wa mtu aliyeendesha lori tangu Mtwara, kama chuo hicho hakina likizo.

Hayo yangebaki ndani ya nyumba moja. Ila Mzee Mshamu kila baada ya swala ya alasiri alikuwa anabaki kwenye baraza la msikiti na wazee wenzake, na huko ndiko alikofungua tawi la chuo. Aliyasimulia masomo upya, na kila aliposimulia aliongeza kidogo. Alimwita Dokta Moira "yule mama", kama vile walikuwa wamekua naye mtaa mmoja. Yule mama amesema hivi. Yule mama hapendi vile.

Wa kwanza kuamka alikuwa Mzee Shaban. Wanawe walikuwa wamemhamisha kutoka chumba cha barabarani, wakamweka nyuma karibu na banda la kuku, na chumba chake wakakifanya duka. Siku moja walipofungua duka walimkuta baba yao amelala ndani, kitanda chake kimesimamishwa katikati ya katoni za sabuni na ndoo za plastiki, naye akawaambia wateja karibuni bila kuinuka. Alikuwa amerudi mahali alipopachagua, alisema, na akataka wapige hodi. Wateja walizidi siku ile. Wengi walikuja kumtazama.

Habari haikai mahali pamoja. Ilivuka kwa akina mama, ikamfikia Bi Semeni, ambaye tangu mwanawe aoe alikuwa analea wajukuu kuanzia alfajiri mpaka usiku bila mtu kumwuliza kama amechoka. Bi Semeni alitafakari, akavaa khanga mpya, akamtangazia mkwewe Mwamini kwamba mwisho wa juma yeye yuko mapumzikoni. Akapanda bodaboda, ya kwanza maishani mwake, akaenda Mtawanya kwenye ngoma ya mtoto wa nduguye na hakurudi mpaka Jumatatu. Alirudi sauti imekauka kwa kuimba.

Jumatatu hiyohiyo Mwamini aliingia kituo cha afya, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Hakukaa foleni. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mwajabu, akawaketisha watoto wote wawili juu ya meza hiyo, katikati ya kadi za kliniki.

"Dada, hawa ni wako," alisema. "Mama mkwe anasema wewe ndiye uliyemfundisha."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akasahau kilichomleta. Mwajabu naye alicheka, lakini alipotoka kazini alikuwa anafikiri. Watoto wa Mzee Shaban walikuwa wameacha kumsalimia. Mwuza samaki alimwuliza kama kuna dawa ya kuwarudisha wazee walivyokuwa. Yeye aliyekusudia kuwasaidia watu wa Kibiti kulea wazee wao, alikuwa amewapa wazee silaha na kuwaacha watoto bila ngao.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja lile somo. Alilisoma kwa Mudrick, feni ikimpulizia vumbi usoni. Somo lilihusu heshima ya kuthubutu. Lilisema kumlinda mzee na kila hatari ni namna ya kumfunga. Mzee anayejua anachokifanya ana haki ya kuchagua jambo la hatari, na kazi ya msimamizi ni kumsaidia alifanye kwa usalama unaowezekana, si kumzuia.

Mwajabu hakuhitaji kutabiriwa. Kwa muda sasa baba yake alikuwa anauliza habari za maji: kama maji ya bamvua yamejaa sana, kama boti za Nyamisati zinakwenda Kiongoroni kila siku au siku moja moja. Akisomewa somo lile, kabla jua halijachwa atakuwa amefunga mzigo. Na Kiongoroni hakuna gari, hakuna daktari, kuna matope yaleyale yaliyokwisha kumwangusha. Mwajabu alifunga kompyuta. Njiani kwenda nyumbani, katikati ya kelele za wapiga debe, alitunga somo jingine.

Lilikuwa somo zuri, tukitaka kusema kweli. Lilisema wataalamu wamegundua kwamba mzee akihamahama mifupa yake inalainika. Lilisema ugoro unakula kumbukumbu. Lilisema mzee aliyetulia kwa binti yake, akala anachopewa, anaishi miaka mingi kuliko mwenye ubishi. Mwajabu alilisoma kwa sauti ya kitaalamu, akiangalia karatasi tupu iliyokuwa magotini kwake.

Mzee Mshamu alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja.

"Ni yule mama yuleyule?" aliuliza.

"Yuleyule, baba."

"Leo anaongea kama wewe."

Kesho yake alikunywa uji wote. Akafanya mazoezi, akaoga kwa saa iliyoandikwa, akala mboga isiyo na chumvi na kusema alhamdulillahi. Akaendelea hivyo siku hadi siku, mpole kama mwari, mpaka Mwajabu akaanza kumpima joto kwa siri akidhani anaumwa.

Mzee hakuwa anaumwa. Alikuwa amekwenda kwa Mudrick, hatua kwa hatua na mkongojo wake, akaulizia lile somo. Mudrick alikuwa kijana wa makamo mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata ndani. Aliwahi kufanya kazi kambi ya watalii huko Mloka na Kiingereza chake alikipata kwa kuwaonyesha wazungu viboko. Alimweleza mzee kwa heshima kwamba masomo ya mteja hawezi kumfungulia mtu mwingine. Lakini, akaongeza huku anapangusa kioo, Jumamosi mchana darasa lote linakutana na mwalimu wao kwa kamera, na duka lake ni la wazi, anayetaka kukaa anakaa.

Jumamosi Mwajabu alikuwa ameshavaa vipokea sauti, na kwenye kioo ameshatokea Dokta Moira mwenye nywele nyeupe kama sufi, na wanafunzi wenzake kila mmoja kwenye kidirisha chake, huyu Ufilipino, yule Malta, aliposikia nyuma yake harufu ya udi. Akageuka. Baba yake alikuwa amevaa kanzu ya Idi na koti juu yake. Nyuma ya baba yake alikuwepo Mzee Shaban, na nyuma ya Mzee Shaban Bi Semeni na khanga yake mpya. Mudrick alikuwa ameshawapangia viti.

Dokta Moira aliwaona, akafurahi kupita kiasi. Kwa mwaka mzima walikuwa wanazungumza juu ya wazee, alisema, na leo ndiyo mara ya kwanza mzee kuingia darasani. Akaomba azungumze nao, Mwajabu afasiri. Mudrick akachomoa vipokea sauti ili kila mtu asikie.

Mzee Mshamu akasimama. Alimsalimia yule mama, akamwulizia watu wa nyumbani kwake, akamshukuru kwa masomo. "Ila hili la mwisho," alisema, "limenitia shaka."

Mwajabu akafasiri kwamba baba anashukuru kwa masomo yote, na hasa hili la mwisho.

Mudrick akakohoa.

"Mwulize," mzee akaendelea, "ni kweli mzee akihama mifupa yake inalainika?"

Mwajabu akamwuliza Dokta Moira hali ya hewa ya huko ikoje. Dokta Moira, akishangaa kidogo, akajibu kwamba mvua inanyesha tangu asubuhi. Mwajabu akamgeukia baba yake na kumwambia kwamba mwalimu anasema inategemea mtu na mtu.

"Sista," alisema Mudrick, "samahani. Hivyo sivyo."

Akavua miwani yake, jambo ambalo watu wa stendi hawakuwahi kuliona, akainamia kamera na kumwuliza yule mama swali la mzee neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuwaonya watalii wasisimame ndani ya mtumbwi. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza, akamwuliza na lile la ugoro.

Wanafunzi wakasogelea kamera zao, Ufilipino hadi Malta. Dokta Moira akauliza, polepole, nani aliyefundisha mambo hayo. Mwajabu alitazama jenereta ya Mudrick kupitia mlango wa nyuma. Kila Jumamosi jenereta ile ilikuwa inazimika bila kuombwa. Siku hiyo ilinguruma kama imetoka kiwandani.

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mwajabu akasema kwa Kiingereza kwamba ni yeye. Kwamba alilificha somo la kuthubutu akatunga lake. Halafu akageuka akalisema tena kwa Kiswahili, maana hilo lilikuwa gumu zaidi. Bi Semeni alijiziba mdomo kwa khanga, mabega yakimcheza kwa kicheko. Mzee Mshamu wala hakukunja uso.

"Mimi nilijua palepale," alisema. "Mwenye elimu yake huwa hana uhakika namna ile."

Dokta Moira alikuwa ameinama. Wengine waliapa baadaye kwamba alikuwa anacheka. Alipoinua uso alimwomba Mudrick amwulize mzee anataka nini hasa. Mzee alitaka binti yake ndiye afasiri. Akamtazama Mwajabu, si kamera.

"Nataka kurudi Kiongoroni. Najua kuna matope. Najua hakuna daktari. Ukiniweka hapa nitaishi, sikatai, lakini nimekaa kama kitu kilichohifadhiwa. Nikianguka, nianguke kwetu, kwenye tope ninalolijua."

Safari hii Mwajabu alifasiri bila kupunguza neno. Alipomaliza, Dokta Moira alimwambia kwamba kazi yake ya mwisho ya shahada imekwisha kupatikana. Hakuna tena kujadili kama mzee arudi. Aandike atarudi vipi, nani atakuwa naye, dawa zitafikaje, na akianguka itakuwaje. Mzee Shaban alipofasiriwa, aliuliza kama na yeye anaweza kupewa kazi ya kuandika.

Ikamchukua Mwajabu miezi. Alifanya mapatano na nahodha wa boti ya Nyamisati awe anabeba dawa. Alimwelekeza fundi kutengeneza choo cha kukalia na fito za kushikilia toka kitandani mpaka mlangoni. Kilichobaki ni mtu. Wadogo wa mzee walikuwa wamekwisha kufa, na dada yake Mwajabu, Hafsa, alikuwa Mbagala na biashara ya mitumba, akisema kwenye simu kwamba jambo lote hili ni wazimu. Basi Mwajabu akaenda Kiongoroni mwenyewe kutafuta mama wa kumhudumia baba yake. Boti ilimkorofisha, akatapika tangu mdomo wa mto. Mtoto wa delta aliyekaa bara muda mrefu, mawimbi humdai.

Alipofika kwenye nyumba ya baba yake aliikuta imefagiliwa. Paa lilikuwa na makuti mapya. Mlangoni alikaa mwanamke wa makamo ya kuuacha ujana, mweusi, mrefu, anamenya kamba kwa vidole vya haraka. Mwajabu alimtambua: Mwanawetu, mjane wa mjenzi wa mitumbwi, waliyekuwa naye mtaa mmoja.

"Karibu, mwanangu," alisema Mwanawetu. "Majirani wa hapa wamenisaidia makuti. Baba yako hajambo? Nilipata salamu zake tangu Ramadhani, kwamba tungoje tu wewe umalize kusoma."

Mwajabu alikaa kizingitini. Ilimchukua muda kuelewa tungoje ya nini. Mzee Mshamu, aliyekuwa anakunywa uji wake mpole kama mwari, alikuwa anampelekea Mwanawetu posa kupitia mabaharia wa Nyamisati. Na mabaharia wote walijua, mpaka yule nahodha aliyepatana naye juu ya dawa.

Kwanza alipandwa na hasira. Mama yake alikuwa amekufa zamani, Mwajabu akiwa bado shule ya uuguzi, na hakuwahi kufikiri kwamba upande ule wa kitanda cha baba yake ungekaliwa tena. Mwanawetu hakumbembeleza. Alimpakulia wali na kamba wa nazi, akamwacha ale kwanza, na tumbo lilipotulia akamwambia mambo yalivyo.

"Sikutaka mtu wa kumuuguza, nimeshauguza mmoja mpaka kaburini, inatosha. Nakubali kuolewa kwa kuwa ananichekesha. Akiugua, tutaugulia hapa."

"Na ukiugua wewe?" aliuliza Mwajabu, na mara akajishangaa, maana katika karatasi zake zote baba yake alikuwa anahudumiwa tu, hakumwandika mahali popote kuwa atamhudumia mtu.

"Atanipikia," alisema Mwanawetu. "Anapika vibaya, lakini anapika."

Aliporudi Kibiti alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha kamba, anamwangalia usoni kujua maji yamefika wapi. Mwajabu hakumsalimia kwanza. Alimwuliza kwa nini hakumwambia.

"Hukuniuliza," alisema Mzee Mshamu. "Umeniuliza nataka kula nini, kulala saa ngapi, kuoga maji ya namna gani. Hili hukuuliza. Nikadhani kwenye masomo yenu halimo."

Lilikuwemo. Lilikuwa somo la mapenzi na ndoa za uzeeni, lililokuwa linafuata, na Mwajabu alikuwa ameliruka akidhani linahusu wazungu.

Hafsa alipigiwa simu, akalia, akauliza baba mwenye nyonga mbovu anaoa kwa nguvu gani. Mwajabu alimjibu kwamba hilo ni la baba na Mwanawetu, na asipige tena mpaka ameamua atakuja na zawadi gani. Akakata simu upesi, maana na yeye machozi yalikuwa karibu.

Nikahi ilifungwa Kiongoroni siku ya maji makubwa, boti zikafunga karibu kabisa na nyumba. Mzee Shaban alikuwa shahidi. Aliacha duka kwa wanawe, ambao kwa wakati huo walikuwa wamemjengea ukuta wake mwenyewe ndani ya fremu baada ya kuona wateja wanampenda. Bi Semeni aliimba mpaka sauti ikamkauka tena. Yeye na Mwamini walikuwa wamekwisha kupatana mbele ya Mwajabu: wajukuu ni wake asubuhi tu, jioni na mwisho wa juma ni wa mama yao. Hafsa alikuja na godoro. Lilisafiri juu ya boti kama sultani, wenye boti wamesimama.

Kazi ya mwisho ya Mwajabu ilipita. Aliambiwa ni ndefu mno na imejaa watu mno, lakini ikapita. Cheti kilifika posta ndani ya bahasha ngumu, na Bashiru akakitundika sebuleni. Kituo cha afya kikampa siku moja kila wiki ya kukutana na wazee pamoja na watoto wao, wote chumba kimoja, kila upande uyasikie ya mwenzake. Siku nyingine kelele zilitoka nje mpaka barabarani. Kila alipopata upenyo alipanda boti kuwazungukia wazee wa visiwani, naye kila safari alitapika.

Mara moja alifika Kiongoroni hoi, akakuta nyumba imefungwa kwa kamba. Jirani akamwambia baba yake na mkewe wamealikwa harusini kijiji cha pili, wameondoka na mtumbwi tangu jana, mzee akiwa mbele anapiga kasia na kusema sana. Aliwahi kuanguka msimu uliopita, akaongeza jirani. Mwanawetu alimvuta topeni kwa kamba ya nanga, wakaingia nyumbani wote wawili wakiwa udongo mtupu, na hakuna aliyeweza kueleza kilichotokea kwa kicheko.

Mwajabu alifungua kamba ya mlango. Chumbani kulikuwa na baridi nzuri ya makuti, na godoro la Hafsa lilikuwa limetandikwa shuka safi. Alivua viatu, akajilaza kidogo apumzishe kichwa. Alipoamka jua lilikuwa limeelekea machweo, kuna mtu amemfunika khanga, na jikoni baba yake na Mwanawetu walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini nani amwamshe binti ale.